Mtoto Amezaliwa Pujini: Tupeleke Nini?



Kila robo mwaka ofisi yetu hupokea barua na simu zenye swali lile lile. Akina mama wa parokia fulani wamekusanya michango, au mhisani mmoja ameguswa, naye anataka kuwapelekea zawadi wazazi waliojaliwa mtoto kisiwani Pemba. Anauliza anunue nini. Swali ni zuri, ila majibu yetu ya siku za nyuma hayakuwa mazuri sana. Tulizoea kujibu kwa haraka kwamba chochote kitafaa. Katika makala haya tunajaribu kujibu kwa uangalifu zaidi, na tumechukua mfano wa Pujini kwa kuwa huko ndiko tulikojifunza makosa yetu.

Kwa wasiopafahamu, Pujini ipo katika Wilaya ya Chake Chake, Mkoa wa Kusini Pemba, umbali wa kilomita zipatazo 10 kusini mashariki ya mji wa Chake. Wageni wengi huifahamu kwa ajili ya magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa karne ya 15 ambaye masimulizi yanamtaja kwa ukali wake. Wenyeji ni wakulima wa mpunga, muhogo, ndizi, minazi na karafuu, na karibu wote ni Waislamu. Jambo hili la mwisho tulikumbuke tunapofunga mzigo, nasi tutalirudia.

Safari ya kwanza tuliyofika na kifurushi cha mtoto, tulipokelewa vizuri mno. Tulikaribishwa barazani, tukaletewa madafu, na bibi wa mtoto akatushukuru hata kabla sanduku halijafunguliwa. Lilipofunguliwa mlikuwa na chupa mbili za kunyonyeshea, kopo la maziwa ya unga, sweta nene la sufi, soksi za sufi, poda, kijigari cha kuchezea cha mtoto wa miaka mitatu, na blanketi zuri lililochorwa vijinguruwe vya rangi ya waridi. Hakuna aliyecheka. Bibi alilikunja lile blanketi, picha zikiwa kwa ndani, akaliweka kando, akaendelea kutushukuru. Tuliporudi miezi kadhaa baadaye tuliona kwamba kitu kilichotumika kweli kweli katika mzigo ule ni sanduku lenyewe. Lilikuwa limejaa nguo za nyumba nzima.

Waliotoa vitu vile walitoa kwa moyo, na hatuwalaumu. Sisi tuliopokea na kusafirisha ndio tuliopaswa kuuliza.

MZAZI NI NANI?

Tuanze na neno. Kwa watu wa visiwani, ukisema "mzazi" bila kuongeza kitu, humaanishi baba wala mlezi. Unamaanisha mwanamke aliyejifungua karibuni na ambaye bado yumo katika siku zake arobaini. Watu wakikutana njiani baada ya habari za uzazi, huuliza, "Mzazi hajambo?" kabla ya kuuliza habari za mtoto. Mpangilio huo wa maswali una hekima ndani yake, na sisi wenye kufunga vifurushi tungefaa kuuiga. Sanduku letu la kwanza halikuwa na kitu hata kimoja cha mzazi.

Katika siku hizo arobaini mwanamke hufanyiwa kazi na wenziwe. Mara nyingi, hasa kwa uzazi wa kwanza, huwa kwa mama yake. Hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa uji wa pilipili manga, supu ya kuku na mchuzi mzito, na hasumbuliwi kwenda kisimani wala shamba. Ni mapumziko yenye maana kubwa, kwani hatari nyingi za uzazi hazimalizikii pale mtoto anapolia. Kutokwa na damu nyingi, ambako ni moja ya sababu kubwa za vifo vya wazazi, hutokea zaidi katika saa 24 za mwanzo, na homa ya uzazi huweza kuja siku kadhaa baadaye.

Lakini mapumziko hayo yana gharama, nayo huwalemea jamaa. Kuni zinazochemsha maji mara mbili kwa siku lazima zikatwe na mtu. Kuku wa supu lazima anunuliwe. Uzazi ukiangukia msimu wa karafuu, wakati kila mkono unahitajika kuchuma na kuchambua, mapumziko hupungua kimya kimya; mama mkwe anakwenda shambani, na mzazi anainuka kabla ya wakati wake. Kwa hiyo zawadi ya kwanza tunayoipendekeza haifungwi katika karatasi ya maua. Ni mzigo wa kuni, ni mchele, ni kuku wawili, ni kilo za tende, sukari, pilipili manga na bizari za supu. Kamati iliyo mbali inaweza kutuma fedha, na vitu hivyo vikanunuliwa pale pale Chake Chake. Kanga doti moja au mbili huongezwa bila kufikiri sana. Mzazi hajifuniki nayo tu. Kanga humbeba mtoto, hutandikwa, hufutia, na hufungia tumbo.

Na kanga ina kazi nyingine ambayo wengi hawaijui. Mtoto aliyezaliwa na uzito chini ya kilo mbili na nusu hupoteza joto upesi. Njia inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni kumweka kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kwa muda mrefu kadiri iwezekanavyo, akiwa amevishwa kofia na winda tu, kisha wote wawili wakafungwa kwa nguo. Wahudumu wa afya huiita njia ya kangaruu. Kwa kazi hiyo kanga safi hufaa sana, na baba naye, au bibi, anaweza kupokezana na mzazi.

YA MTOTO MWENYEWE

Mtoto mchanga mahitaji yake ni machache kuliko tunavyodhani. Ahitaji kukaushwa anapozaliwa, kuwekwa kifuani mwa mama, kunyonyeshwa ndani ya saa ya kwanza ili apate dang'a, yaani yale maziwa ya mwanzo ya manjano, na asiogeshwe mpaka zipite saa 24. Mavazi yake yazidi ya mtu mzima kwa tabaka moja au mbili tu, pamoja na kofia. Pemba ni joto. Fulana nne nyepesi za pamba, kofia mbili za pamba na shuka mbili nyepesi humtosha. Sweta la sufi humtoa jasho na vipele, na tumewahi kumwona mtoto amevishwa matatu kwa mpigo, moja juu ya jingine, kwa kuwa bibi hakutaka zawadi ya mtu yeyote ionekane imedharauliwa. Hapo ndipo zawadi inapoanza kumtesa aliyepewa.

Mawinda ya kitambaa, kiasi cha dazeni mbili, ni bora kuliko nepi za kutupwa. Za kutupwa zikiisha hazirudi, na shamba hakuna gari la taka linalopita kuzizoa. Mawinda yanahitaji sabuni na maji, basi weka miche ya sabuni, beseni kubwa na ndoo yenye kifuniko. Watu wengi wakienda kumwona mtoto humshikisha noti kidogo na kusema ni pesa ya sabuni. Nadhani hakuna msemo unaoeleza vizuri zaidi mahitaji ya nyumba yenye mtoto mchanga.

Beseni hilo hilo liwe ndilo kifungashio. Panga vitu ndani yake, funika kwa kanga, funga. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar mwaka 2006, na Tanzania Bara tangu Juni 2019, kwa hiyo wahisani wanaosafiri na mizigo wasijisumbue nayo.

Chandarua chenye dawa kilikuwa zawadi ya kwanza katika orodha zetu zote za zamani. Bado ni kizuri. Tangu katikati ya miaka ya 2000, vyandarua, upulizaji wa dawa majumbani na dawa mpya za mseto vimeishusha sana malaria Unguja na Pemba, na vyandarua hutolewa kliniki kwa wajawazito. Uliza kwanza kama nyumba inacho na kama kimechanika. Kimoja kizima kinatosha kitanda kimoja.

MAMBO YA KUACHA

Sasa tuseme yale ambayo wahisani wengine watayapokea kwa uchungu.

Chupa za kunyonyeshea na maziwa ya unga tusipeleke kabisa. Tangu mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni ya kudhibiti uuzaji wa maziwa ya kopo, kwa sababu ilikwisha kuonekana jinsi yanavyoua katika nyumba ambazo maji si salama na kopo la pili halipatikani. Kopo la kwanza ni la mhisani. Wakati linapokwisha, maziwa ya mama yamepungua kwa kukosa kunyonywa, na familia haina fedha za kopo la pili, basi unga unaobaki hurefushwa kwa maji. Ikiwa mama amefariki au anaumwa sana, hilo ni jambo la kituo cha afya na wazee wa familia, si la kamati. Wala tusikimbilie kushauri kwamba jirani amnyonyeshe. Katika Uislamu kunyonya hujenga udugu. Watoto walionyonya kwa mama mmoja huwa ndugu wa kunyonya na hawawezi kuoana. Familia zinaweza kukubaliana hivyo, lakini ziamue zenyewe zikijua zinachokubaliana.

Poda ni zawadi inayopendwa mno, na najua nitapingwa. Hata hivyo vumbi lake huingia kifuani mwa mtoto, na ngozi yake haiihitaji. Wanja nao, ule wa kupaka machoni na kwenye nyusi, mwingine hutengenezwa kwa madini yenye risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Anayetaka kumpaka mwanawe hatumkatazi kwa barua, ila usitoke katika kifurushi chetu. Asali, hata iwe safi namna gani, asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja; inaweza kuwa na vijidudu ambavyo mkubwa huvishinda na mtoto hawezi. Mpe mama.

Kuna pia dawa na vitamini. Hapa tunaomba wahisani wasome polepole, maana jambo lenyewe lilitokea hapa hapa Pemba.

Watoto wengi wa kisiwa hiki walikuwa na upungufu wa damu. Kila mtu aliamini kwamba dawa ya madini ya chuma ingewasaidia, na kwa kawaida madini hayo hutibu upungufu wa damu. Watafiti walianza jaribio kubwa, wakiwapa watoto wa kati ya mwezi 1 na miezi 35 madini ya chuma pamoja na foliki asidi, bila kuwapima kwanza mmoja mmoja. Mwezi Agosti 2003 sehemu ya jaribio yenye madini ya chuma ilisimamishwa. Katika watoto waliopewa, vifo na kulazwa hospitali vilizidi kwa asilimia 12 ukilinganisha na wale ambao hawakupewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet, na Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake kwa sehemu zenye malaria kali. Malaria ya Pemba ya leo si ile ya mwaka 2003. Hata hivyo sharubati ya kuongeza damu iliyonunuliwa dukani na mtu mwenye nia njema, ikapewa mtoto asiyepimwa, ni kitu cha kuogopa. Mama mjamzito au mzazi hupewa vidonge vya damu kliniki, navyo ni vyake. Mtoto apimwe.

Jambo la kitovu linafanana na hilo. Kati ya mwaka 2011 na 2014 watoto wachanga zaidi ya 36,000 wa Pemba waliingia katika utafiti mwingine, kuona kama kupaka kitovu dawa ya kuulia vijidudu iitwayo kloreksidini kutapunguza vifo. Waliopakwa walifariki 10.5 katika kila 1,000. Walioachwa kitovu kikavu na safi walifariki 11.7. Tofauti hiyo ni ndogo, na watafiti hawakuweza kusema kwamba imeletwa na dawa. Kwa hiyo kamati isihangaike kununua spiriti wala mafuta ya kitovu. Mikono iliyonawa sabuni, wembe mpya au mkasi uliochemshwa, kitovu kiachwe wazi kikauke.

Namba ile ya 11.7 nitairudia mbele kidogo.

ZAWADI ISIYOONEKANA

Kutoka Pujini hadi hospitali ya Chake Chake mchana si mbali. Saa nane za usiku, mvua za masika zikinyesha, ni mbali sana. Gari za abiria hazipo, na mwenye gari binafsi lazima aamshwe, akubali, awekewe mafuta. Tukiulizwa zawadi moja tu ambayo tungeichagua kuliko zote, tungesema ni nauli ya usiku: fedha iliyofungwa katika bahasha, ikakabidhiwa mapema, pamoja na makubaliano na dereva mmoja wa karibu ambaye namba yake ipo ukutani. Ikiwa haikutumika usiku ule, itatumika kumrudisha mzazi kliniki kuangaliwa, na mtoto kupata chanjo.

Vocha ya simu nayo ni zawadi. Mwaka 2009 na 2010 kulifanyika utafiti Zanzibar, ambapo wajawazito walipewa vocha na kutumiwa ujumbe wa simu. Katika kila wanawake 100 waliopata huduma hiyo, 60 walijifungua mbele ya mhudumu mwenye ujuzi. Kwa wasioipata walikuwa 47. Lakini faida hiyo ilionekana kwa wanawake wa mjini. Wa shamba haikuwafikia. Mimi nalielewa hivi: simu inaweza kumwita msaada, lakini haiwezi kumbeba mgonjwa. Vocha bila gari ni nusu ya zawadi. Viwekwe pamoja.

Katika bahasha hiyo tunashauri kiwekwe pia kijikaratasi chenye dalili za hatari, kwa maandishi makubwa, au bora michoro. Kwa mtoto: hanyonyi au ameacha kunyonya, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kinaingia ndani, degedege, amekuwa wa moto au wa baridi mno, hajongei mpaka aguswe, nyayo zimekuwa za manjano. Kwa mzazi: damu nyingi, homa, uchafu wenye harufu, kichwa kuuma sana na macho kuona kiwi. Yote hayo ni safari ya hospitali saa ile ile. Asiyejua kusoma asomewe na binti wa skuli mara mbili au tatu, watashika.

Nauli ya kufuatilia cheti cha kuzaliwa nayo tusiisahau. Hutolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, na familia nyingi huliahirisha jambo hili mpaka mtoto anapotakiwa kuandikishwa skuli.

Lipo tatizo moja la wakati. Vitu vya kujifungulia na nauli vinahitajika kabla mtoto hajazaliwa. Lakini wazee wengi wa mwambao hawapendi mtoto ambaye hajaja anunuliwe nguo. Wanaona ni kujitangulizia na kualika mabaya. Tusiwabishie. Peleka kabla ya uzazi vile vya mama peke yake, yaani kanga, sabuni, nauli na vocha, na vya mtoto vipelekwe baada ya siku ya saba. Nchini Finland, ambako serikali ilianza kuwapa wazazi maskini sanduku la vitu vya mtoto mwaka 1938, na wazazi wote tangu 1949, waliweka sharti moja: mama afike kliniki mapema katika ujauzito wake. Sharti hilo lilikuwa zawadi ndani ya zawadi. Sisi si serikali na hatutaki masharti, ila tunaweza kukabidhi vile vya mama kupitia kituo cha afya siku anapokwenda kupimwa.

HESHIMA YA NYUMBA

Kifurushi kutoka parokia kinapoingia nyumba ya Kiislamu, kiingie kama jirani anavyoingia. Kisiwe na picha ya dini, msalaba, kijitabu wala maneno ya Maandiko juu ya kifuniko. Imani yetu ndiyo iliyotutuma. Haihitaji kubandikwa kwenye sabuni. Nguo zikaguliwe picha moja moja, na hapo nawakumbusha wale vijinguruwe. Nyama au supu ya kopo isipelekwe, kwa kuwa aliyechinja hajulikani.

Siku ya saba, au baadaye kwa wasio na uwezo, baba hufanya akika. Mbuzi huchinjwa, wawili kwa mtoto wa kiume na mmoja kwa wa kike kwa desturi iliyozoeleka, nyama hugawiwa jamaa, majirani na maskini. Tuliwahi kuulizwa kama kamati inaweza kuchangia. Kumsaidia baba kwa siri apate mbuzi wake ni wema mkubwa. Kuja na mbuzi wako kamba mkononi, mbele ya wageni wake, ni kumvua nguo.

Wahisani huomba picha. Tunawaelewa, anayetoa hupenda kuona. Lakini mtoto wa siku chache hafunuliwi kwa kila mtu, na wengi huogopa jicho. Ukimsifu uzuri wake bila kusema mashaallah, utaona nyuso zikibadilika. Kumtoa mzazi nje akiwa katika arobaini, amshike mtoto juu ya beseni lenye jina la mfadhili ili apigwe picha, ni jambo tulilolifanya mara moja. Hatutalifanya tena. Tutaleta taarifa ya maandishi na stakabadhi za manunuzi, na tunaomba iwatoshe.

Katika magofu ya Mkama Ndume wageni huonyeshwa kisima ambacho, kwa masimulizi, kiligawanywa kwa ukuta ili wake zake wawili wachote maji bila kuonana. Nilikikumbuka kisima hicho siku tulipokabidhi beseni kwa mke mdogo wa nyumba moja, na mke mkubwa, aliyejifungua miezi minne kabla yetu kufika, akiwa amekaa mlango wa pili akitutazama. Tangu hapo tunamwuliza sheha, au mhudumu wa afya wa shehia, habari za nyumba nzima. Kipande cha sabuni na kanga kwa huyu wa pili havigharimu kitu kikubwa. Na mtoto aliyetangulia, aliyeachishwa mgongo wa mama ghafla, naye apewe kitu kidogo mkononi.

MTOTO AKIFARIKI

Sasa ile namba. Katika watoto 1,000 wa Pemba waliotunzwa vitovu vikavu katika utafiti ule, takriban 12 hawakumaliza mwezi wao wa kwanza. Kamati inayopeleka vifurushi kwa miaka kadhaa itakutana na jambo hili. Sisi tulikutana nalo, na hatukujua la kufanya. Tulifika na beseni letu, tukaambiwa na jirani njiani kwamba mtoto alizikwa juzi. Tukashauriana ndani ya gari, tukageuza. Tulidhani ni heshima.

Baadaye tulielezwa na mkunga wa jadi wa huko, mama mtu mzima sana, jinsi tulivyoonekana. Alituambia bila ukali kwamba yule mwanamke bado alikuwa mzazi. Damu ilikuwa inamtoka kama wazazi wengine, matiti yalikuwa yamejaa na kumuuma, alihitaji supu na maji ya moto na kuni, na watu waliokuwa waje kumpongeza sasa hawajui waseme nini kwa hiyo hawaji. Na gari lililoleta vitu lilionekana likigeuza.

Tangu siku hiyo tunafunga mizigo miwili, si mmoja. Vya mzazi viko peke yake, vya mtoto peke yake, kila kimoja na kanga yake. Ikitokea msiba, kile cha mtoto kinabaki ndani ya gari bila kuonyeshwa, na kile cha mzazi kinapelekwa na mwanamke, akaingia, akatoa mkono wa pole, akakaa. Tunaongeza nauli ya kliniki, kwani anapaswa kuangaliwa kama mzazi mwingine yeyote. Mume naye apewe pole kwa wanaume wenziwe.

Kwa kamati zinazojiandaa: mzigo ujao tunaununua Chake Chake, kwa wafanyabiashara wa huko, badala ya kusafirisha vitu kutoka Dar es Salaam kwa boti hadi Mkoani. Kwa hiyo tumeni fedha, na mseme wazi ni kwa ajili ya mzazi, mtoto au nauli. Mkiwa na mshonaji parokiani, kofia na fulana nyepesi za pamba tutazipokea kwa furaha, rangi yoyote, bila picha za wanyama. Sweta za sufi zilizobaki ghalani kwetu hazitapotea. Zitakwenda Njombe na Makete, ambako asubuhi za Juni na Julai mtoto huzihitaji kweli.